Kuku Akianza Kuatamia: Nani Aamue, Wewe au Yeye?

Asubuhi umekwenda kwenye kiota kutafuta yai la mtoto. Umemkuta kuku amelala. Umepeleka mkono, naye ametutumua manyoya, amekudonoa, na ametoa sauti ya hasira. Jioni umerudi, bado yupo. Kesho yake yupo palepale. Chini yake yako mayai 9. Tangu leo hataongeza jingine.

Kuku huyo ameanza kuatamia. Sasa utafanya nini?

Watu wengi hawafanyi lolote. Wanamwacha tu. Siku ya kwanza wanachukua mayai mawili ya mgeni. Siku ya tano kuku mwingine anakuja kutaga humo humo. Siku ya kumi panya anakula matatu. Mwisho kuku amekonda, mayai yameoza, vifaranga wametoka wawili, na mtoto wa nyumba hiyo hakuonja yai kwa mwezi mzima. Hapo kuku ndiye aliyeamua. Mwenye kuku hakuamua.

Huu ni ukurasa wa afya, si ukurasa wa mifugo. Lakini jambo hili ni la afya. Kwanza, yai ni chakula cha kujenga mwili, na katika nyumba nyingi za kijijini yai liko karibu kuliko nyama. Pili, kuku anayeatamia mara nyingi huwekwa jikoni au chini ya kitanda, na huko huleta maradhi. Kwa hiyo tusome pamoja.

KUATAMIA NI NINI

Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, kisha huacha kutaga na kuyalalia. Si uvivu, wala si ugonjwa. Mwili wake umebadilika. Ndani ya damu yake kuna kichocheo kinachomwamuru aache kutaga na akae juu ya mayai. Kichocheo hicho huongezeka kwa mambo matatu: joto la kiota, giza la kiota, na mayai yaliyorundikana chini ya tumbo lake.

Shika vizuri mambo hayo matatu. Joto, giza na mayai. Ukitaka kuku aatamie, mpe yote matatu. Ukitaka asiatamie, mwondolee yote matatu. Mengine yote katika somo hili yanatoka hapo.

Kuku wa kisasa wa mayai wamechaguliwa kizazi hata kizazi mpaka tabia hii karibu imewatoka. Ndiyo maana mayai yao huanguliwa kwa mashine. Wako watu husema kwamba kuku wetu ana kasoro kwa sababu anaatamia. Mimi sikubaliani nao. Katika nyumba isiyo na umeme, kuku huyu ndiye mashine. Hahitaji mafuta, hahitaji fundi, na akimaliza kuangua hulea. Kasoro si yake. Kasoro ni kumwachia afanye wakati wowote apendao, tena kuku wote kwa pamoja.

HUENDA ANAUMWA

Kabla ya kuamua lolote, hakikisha kwamba kuku anaatamia kweli. Kuku mgonjwa naye hukaa mahali pamoja.

Kuku anayeatamia ana macho maangavu. Ukimkaribia hututumua manyoya na kupigana. Sauti yake hubadilika, huwa kama ya kuku mwenye vifaranga. Mguse kifuani, utakuta pana joto na manyoya yamepungua, kwa maana huyanyonyoa ili ngozi iguse mayai. Hutoka mara moja kwa siku, kama dakika 15 au 20, akala haraka, akanywa maji, akajisaidia kinyesi kikubwa chenye harufu kali, kisha akakimbia kurudi. Kinyesi hicho kisikutishe, kwa sababu amekizuia siku nzima.

Kuku mgonjwa hana ugomvi. Ameinamisha kichwa, macho yamefumba nusu, mabawa yamelegea. Huharisha maji ya kijani au meupe. Ukimwinua hajali. Kuku wa namna hiyo mtenge na wenzake upesi, na umwite bwana mifugo. Kama kuku wengi wanakufa kwa ghafula, usiwale wala usiwauze. Usiwanyonyoe. Toa taarifa kijijini siku hiyo hiyo. Mizoga ichomwe au izikwe katika shimo refu, na anayeishika afunike mikono yake kwa mfuko wa plastiki, kisha anawe kwa sabuni.

TUPIGE HESABU

Tuseme nyumba ina matetea 5, jogoo 1, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mama mwenye nyumba ni mjamzito.

Kuku wa kienyeji akiwa katika kutaga hutoa kama yai 1 kila siku mbili. Akitaga mayai 12, amemaliza siku 24 hivi. Akiatamia, ni siku 21. Akilea vifaranga mpaka wajitegemee, ni wiki 8 hadi 12. Jumlisha. Utaona mzunguko mmoja unachukua miezi 3 na nusu au 4. Basi kwa mwaka kuku huyo hutaga mara 3, yaani mayai 36 hivi. Na kama yote 36 anaatamia yeye, watu wa nyumba wanakula mangapi? Hakuna.

Sasa tuseme umemzuia asiatamie. Ametaga siku 24. Umemtenga siku 4 au 5. Amepumzika wiki 2 hivi, kisha ameanza tena kutaga. Mzunguko wake umekuwa mwezi mmoja na nusu. Tofauti ni kubwa. Lakini kuku huyo anataka chakula cha kutosha. Hawezi kutaga kwa mchanga.

Je, tuwazuie wote? Hapana. Ukiwazuia wote, mwakani hutakuwa na kuku. Mpango ninaoupenda kwa nyumba ya matetea 5 ni huu: wawili waatamie, watatu watage. Watatu hao wakiwa katika kutaga watakupa kama mayai 10 kwa wiki. Mtoto ale yai 1 kila siku, hayo ni 7. Matatu yanayobaki ni ya mama mjamzito. Mayai ya wale wawili ndiyo ya vifaranga. Baada ya miezi kadhaa wabadilishane zamu.

Baba anaweza kusema kwamba mayai yauzwe. Fedha nazo zinatakiwa, hatukatai. Lakini mtu akiuza mayai yote ya nyumba ili anunue soda na maandazi, amebadilisha chakula cha kujenga mwili kwa sukari na unga. Hesabu hiyo ifanywe na mume na mke pamoja, mtoto akiwa mbele yao.

UKIAMUA AATAMIE

Usimpe mayai yoyote tu. Tangu anapoanza kutaga, toa mayai kiotani kila siku, ukimwachia moja lenye alama ya mkaa ili asihame kiota. Yai hilo la alama halitaliwa na halitaanguliwa. Lile utakalotoa liandike tarehe kwa penseli. Wewe umejifunza kuandika, hapa ndipo pa kutumia. Yaweke mahali pa baridi, penye kivuli, ncha nyembamba ikiwa chini. Chungu chenye mchanga kwenye kona ya nyumba kinafaa. Usiyaoshe, kwa maana ukiosha unaondoa utando unaozuia vijidudu kuingia.

Siku atakapoanza kulala, chagua mayai 10 hadi 12 ambayo hayajapita siku 10 tangu kutagwa. Acha yenye ufa, makubwa mno, madogo mno na yenye umbo baya. Hayo machafu mno pia yaache. Kama hakuna jogoo hapo nyumbani wala kwa jirani, usijisumbue, kwa sababu hakuna kifaranga. Jogoo 1 anatosha matetea 10.

Kiota kiwe kikapu kipana au sanduku la mbao, kiasi cha shubiri moja na nusu kila upande. Chini weka udongo mkavu au mchanga, juu yake majani makavu laini. Nyunyiza majivu ya kuni yaliyopoa. Watu wengi huongeza majani makavu ya mwarobaini ili kufukuza utitiri. Ni desturi nzuri.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Usitie dawa ya pamba, ya kahawa wala ya nyanya kwenye kiota au kwenye mwili wa kuku. Dawa hizo ni sumu. Hupenya ganda la yai. Humwingia kuku, na wewe unamla kuku. Mtoto akishika kuku huyo kisha akatia mkono kinywani, amekula sumu. Kama utitiri umezidi, mwulize bwana mifugo dawa ya kuku.

Mpe kuku mayai usiku. Usiku kuku hana ugomvi. Weka maji na konzi ya mtama au mahindi yaliyovunjwa hatua chache kutoka kiotani, aone bila kwenda mbali. Weka na shimo dogo la majivu na mchanga ili ajigaragaze akitoka. Kuku anayekosa maji hutoka muda mrefu, mayai yakapoa. Na kuku aliyejaa utitiri hukimbia kiota kabisa, hata akiwa amebakiza siku mbili. Wengi husema amelogwa. Funua kiota, utaona wadudu wenyewe wanatembea.

Siku ya 7, usiku, pima mayai. Washa tochi, izungushie karatasi ngumu ili mwanga utoke kwenye tundu dogo, kisha weka yai juu ya tundu. Yai lenye uhai lina doa jeusi na mishipa myekundu kama utando wa buibui. Yai lisilo na kitu huwa angavu lote. Hilo litoe. Siku ya 14 pima tena, na utoe yaliyokufa. Hayo uliyotoa usimpe mtoto, na usile mwenyewe. Yamekaa wiki nzima au mbili katika joto la kuku, na joto hilo hilo hukuza vijidudu. Yazike mbali na kisima.

Tangu siku ya 18 usimsumbue tena. Siku ya 21 vifaranga hutoka. Usiwasaidie kutoka katika ganda, maana mishipa inaweza kupasuka. Kifaranga akizaliwa ana akiba ya kiini cha yai tumboni, kwa hiyo anaweza kukaa siku nzima bila kula wala asidhurike. Ngoja mama awatoe mwenyewe. Mayai yaliyobaki mpaka siku ya 23 ni viza. Yazike, na watoto wasiyachezee. Majani ya kiota hicho yachome moto siku hiyo hiyo pamoja na wadudu wake.

Wenye kuku wengi wana ujanja mwingine mzuri. Huwaanzisha kuku wawili kuatamia siku moja. Kuku wa kwanza kulala hupewa mayai ya alama yasiyo na faida mpaka mwenzake alale, kisha wote wawili huwekewa mayai mazuri usiku mmoja. Vifaranga wakitoka, usiku huo wote hukabidhiwa mama mmoja. Yule mwingine hupelekwa kwenye tenga nitakaloeleza sasa hivi, na baada ya muda mfupi anarudi kutaga. Mama mmoja mwenye mwili mkubwa anaweza kufunika vifaranga 15 hata 20 penye joto.

UKIAMUA ASIATAMIE

Wako wanaomtosa kuku katika ndoo ya maji. Wako wanaomfunga kamba mguuni juani. Wako wanaompitishia unyoya puani. Wako wanaomnyima maji siku mbili. Mambo hayo acha. Kuku hutaabika bure, na kuku aliyetaabika hachelewi kuugua. Akikonda, siku za kurudi kutaga huwa nyingi zaidi. Umekusudia kupata mayai mapema, nawe umeyachelewesha.

Kumbuka mambo matatu: joto, giza, mayai. Tunataka kinyume chake.

Chukua tenga la kusafirishia kuku, lile la fito zenye nafasi katikati. Usitie majani ndani. Liweke juu ya mawe manne au lining'inize kwenye tawi chini ya mti, liache nafasi ya kama futi 2 kutoka ardhini. Upepo upite chini yake. Mtie kuku humo. Tumbo lake litapata ubaridi, macho yake yatapata mwanga, na hakuna yai wala jani la kulalia. Mpe chakula chake cha kawaida na maji masafi. Tenga liwe kivulini mchana kutwa. Usiku liingize bandani ili kicheche asimpate, lakini bado liwe juu ya mawe, pasipo majani.

Kiota chake cha zamani kiondoe au ukizibe. Usipofanya hivyo, kuku wa pili ataona mayai humo, naye ataanza.

Siku ya 4 jioni, mfungulie. Mwangalie. Akienda kuchakura na wenzake, basi ameacha. Akikimbia moja kwa moja kwenye kiota, mrudishe tengani siku 2 nyingine. Kuku aliyeanza jana ni rahisi kumwachisha. Kuku aliyekwisha kulala wiki 2 ni mgumu, kwa hiyo usisubiri. Baadhi ya kuku ni wakaidi mno, na kwa hao mimi huona heri uwape mayai waatamie, wawe walezi wako wa kudumu. Kuku wakaidi hivyo ndio walezi wazuri.

Baada ya kutolewa tengani, mwongezee chakula. Mchwa, mabaki ya dagaa, pumba na majani mabichi vinamsaidia. Ataanza kutaga baada ya wiki 1 hadi 3.

KUKU CHINI YA KITANDA

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta hasa katika ukurasa huu.

Najua kwa nini kuku anayeatamia huwekwa ndani. Nje kuna kicheche, kenge, nyoka, na mwizi wa miguu miwili. Kikapu kinasukumwa chini ya kitanda, na mlango unafungwa. Kuku amepona. Lakini mtazame mtoto anayetambaa. Anapita alipopita kuku. Anaokota punje ya mahindi iliyolala juu ya kinyesi, anatia kinywani. Kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyoharisha watu, hata kama kuku mwenyewe ni mzima. Mtoto anaharisha leo, anapona, anaharisha tena. Kila mara anapungua uzito. Unampa yai kwa mkono wa kuume, na kinyesi kinamnyang'anya kwa mkono wa kushoto.

Tena kuna wadudu. Utitiri wa kuku huuma watu usiku, ngozi ikawasha. Na katika nyumba za udongo zenye nyufa sakafuni huishi papasi. Papasi hunyonya damu ya kuku na ya watu pia. Huuma usiku bila kusikika, nao huweza kumtia mtu homa ya papasi, homa kali inayokwenda na kurudi, ambayo ni hatari sana kwa mjamzito na mtoto wake. Kuku chini ya kitanda ni chakula cha papasi unachokiweka karibu na godoro lako.

Basi afadhali ufanye hivi. Jenga kibanda kidogo kilichoegemea ukuta wa nje, kilichoinuliwa kwa miguu, chenye mlango wa mbao na kufuli. Fito, udongo na nyasi zinatosha. Kazi yake ni ya siku mbili. Ukiwa ndani unamsikia kuku akipiga kelele. Miguu ya kibanda ipake oili chafu kidogo ili siafu wasipande, kwa maana siafu humla kuku akiwa juu ya mayai.

Kama hali hairuhusu na kuku lazima alale ndani kwa siku 21, basi asikae chumba anacholala mtoto. Weka kikapu kwenye kona moja tu, izibe kwa ubao au mkeka. Kila asubuhi fagia kinyesi, kitupe kwenye shimo la mboji. Mtoto anayetambaa awe na mkeka wake, na kuku wasiukanyage. Ziba nyufa za sakafu na kuta kwa udongo. Kila anayemshika kuku, yai au kiota anawe mikono kwa maji na sabuni. Sabuni ikikosekana, majivu yatumike. Mama anawe kabla ya kunyonyesha na kabla ya kupika. Watoto wakubwa, ambao ndio hutumwa kuokota mayai, wafundishwe vilevile.

YAI LA KULIWA

Yai la kula ni lile ulilolitoa kiotani siku liliyotagwa. Kama tarehe imekupotea, litie katika bakuli la maji. Likizama na kulala, ni zuri. Likizama na kusimama wima, limeanza kuzeeka, lichemshe leo. Likielea, litupe. Yai lenye ufa usimpe mtoto.

Lichemshe sana. Maji yakianza kutokota, hesabu dakika 10. Kiini kiwe kigumu. Mayai mabichi ya kunywa, ambayo vijana hudhani huongeza nguvu, huweza kuleta ugonjwa wa kuhara na homa. Yai lililochemshwa halipotezi nguvu yake ya kujenga mwili.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kula yai. Mwanzo mpe kipande kidogo kilichopondwa vizuri katika uji, uone kama kinamkubali. Akitokwa na vipele mwilini, au akivimba midomo, acha, umpeleke zahanati. Wengi hawapati shida yoyote. Ongeza kidogo kidogo mpaka yai zima. Aendelee kunyonya maziwa ya mama.

Wako wazee wanaosema mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Wengine husema mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi. Tuwaheshimu wazee, lakini hili tusilifuate. Yai ndilo chakula anachotumia kifaranga kujengea mifupa, damu, ubongo, hata manyoya, akiwa ndani ya ganda bila kuletewa kitu kingine chochote isipokuwa hewa. Chakula hicho hakiwezi kumnyima mtoto nywele. Kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ililisema jambo la chakula bora kwa redio na katika vikundi vya kusoma, nchi nzima. Pengine bibi yako alikuwamo katika kikundi. Mwulize.

NENO JUU YA CHANJO

Kazi yote hiyo hupotea kwa wiki moja mdondo ukiingia. Sehemu nyingine huitwa kideri. Sehemu nyingi za nchi huja kwa nguvu wakati wa kiangazi. Hauna dawa ya kuponya. Una chanjo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Kuku wote wachanjwe siku moja, pamoja na vifaranga. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi sana, kwa hiyo nyumba kadhaa ziungane kuinunua. Usingoje kuku waanze kufa, maana chanjo hukinga aliye mzima tu. Usimpe kuku kuatamia kama hujamchanja. Na anayechanja anawe mikono, asijifute macho, kwa sababu chanjo hiyo ikiingia jichoni mwa mtu jicho huwa jekundu kwa siku chache.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako kuna matetea wangapi? Leo wangapi wanataga, wangapi wanaatamia, na wangapi wanalea?

2. Katika wiki iliyopita, mtoto mdogo kuliko wote wa nyumba yako alikula mayai mangapi? Mayai mengine yalikwenda wapi?

3. Kuku wenu wanaoatamia hulala wapi? Taja jambo moja linaloweza kubadilishwa kabla ya mvua kuanza.

4. Nani katika kikundi ana tenga la fito? Anaweza kuliazima kwa siku 5?

5. Mara ya mwisho kuku wa kitongoji hiki walichanjwa lini? Hesabuni miezi, muone tarehe ya chanjo nyingine, kisha mchague mtu wa kwenda kumwambia bwana mifugo.